Pini Iliyopotea Ikiwa Mezani

Hutaamini, lakini soma mpaka mwisho ndipo ubishe. Kipande cha chuma, kirefu kama kidole cha mwisho, kiliwekwa juu ya meza mbele ya watu wanne wenye macho mazima. Wote wakakiona. Mmoja akakishika, akakigeuza. Halafu ikaandikwa kwamba kimepotea, na hakuna mtu pale mezani aliyekuwa amelewa.

Karakana yenyewe ilikuwa jengo moja la bati, limegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Kushoto walitengeneza vitanda vya hospitali, mageti na troli. Kulia walitengeneza pini za kufungia viti vya abiria kwenye sakafu ya ndege. Paa moja, choo kimoja, birika moja la chai, lakini dini mbili.

Upande wa vitanda ulikuwa na cheti chake cha ubora, kimetiwa fremu pale mapokezi, na si cheti cha kununua. Kilitaka mteja aridhike, kazi ifuate utaratibu, kosa likitokea lirekebishwe. Na kweli walirekebisha. Kitanda kikirudi mguu umepinda, unachomelea upya, unaomba radhi, unapiga rangi, mteja anaondoka anacheka. Mguu uliokataliwa unageuka mguu wa kigoda. Hakitupwi kitu.

Upande wa ndege ulibeba masharti hayo hayo, halafu juu yake ukatwishwa furushi jingine. Huko hawakuuliza tu kama pini ni nzuri. Waliuliza imezaliwa wapi: imekatwa kwenye ufito gani wa chuma, ufito ulitoka kiwanda gani, nani aliikereza, kwa mashine ipi, nani aliipima. Kila pini na namba yake kichwani. Kuna siku kifuniko cha kalamu kilipotea, kazi ikasimama, watu wazima na ndevu zao wakatambaa sakafuni kukitafuta, mpaka kikaonekana kwenye mfuko wa shati la meneja mwenyewe. Walicheka sana, lakini walicheka baada ya kukipata.

Na pini iliyokataliwa huko haigeuki kigoda. Inapakwa rangi nyekundu, inafungiwa, halafu inapondwa kwenye presi, mashine ya kukandamiza chuma, mpaka aliyeikereza asiitambue, huku mtu amesimama anashuhudia kwa macho yake. Mabaki yanawekwa kwenye sanduku la kufuli mpaka mteja atume mtu wake kuyahesabu.

Wa kushuhudia alikuwa mkaguzi wa upande wa ndege, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Jicho. Presi ilikuwa upande wa vitanda, na aliyeiendesha alikuwa mume wake wa ndoa. Huyo walimwita Iko-Sawa, maana tangu aajiriwe hakuwahi kujibu swali kwa neno jingine. Kitanda hiki kitambeba mtu mnene? Iko sawa. Mkeo hajambo? Iko sawa.

Sasa, siku moja kabla mtu wa mteja hajafika, Jicho alifungua sanduku ahesabu mabaki mwenyewe, asije akaaibika. Pini tatu hazikuwemo. Akamwaga zote juu ya gazeti, akazirudisha moja moja kwa mkono. Tatu hazikuwemo.

Hakuhitaji kufikiri sana ni siku gani. Wiki iliyopita walikuwa kwenye presi, yeye amesimama, mume anaponda, meneja akamwita ofisini kwa jambo la dakika mbili ambalo likawa refu. Akamwambia mume, "Malizia, nikirudi nitasaini." Akarudi, akasaini kwamba ameshuhudia zote. Ndani ya ndoo hakuchungulia. Mwanamume umemwangalia miaka yote hiyo akila, akilala, akikoroma. Utamwangalia na akiponda chuma?

Akaenda kwenye wavu.

"Zile nyekundu za wiki iliyopita uliziponda zote?"

"Iko sawa," mume akasema bila kugeuka.

"Sikuulizi kama iko sawa. Nauliza uliziponda zote?"

Iko-Sawa akazima mashine, akajipangusa mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Tutaongea nyumbani."

Mwanamke yeyote aliyeolewa anajua: tutaongea nyumbani maana yake tumeshaongea.

Nyumbani kulikuwa vyumba viwili na kizingiti kirefu. Mama mzazi wa Iko-Sawa alikaa nao tangu miguu ilipomkatalia. Alikuwa na kiti cha magurudumu cha kupewa, na magurudumu ya mbele yalikuwa yanacheza kama jino la mtoto. Ukikisukuma kulia kinakwenda ukutani. Kwa hiyo mama alishinda ndani, anatazama mlango.

Jioni hiyo Jicho alimkuta nje. Nje kabisa, kwenye kona ya njia, peke yake, mikono juu ya magurudumu kama dereva.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mkwe wangu. Leo nimefika bombani, mwenyewe. Yule jirani mwenye mdomo kaniuliza, 'Bibi, kiti kipya kakununulia nani?' Nikamwambia mimi nina mkwe anatengeneza ndege."

"Nani kakwambia ni mimi, Mama?"

"Mwanangu mwenyewe. Kasema, 'Hivi vyuma kakuletea mke wangu, kutoka upande wa ndege.' Tangu siku ile nikisali nakutaja wewe kwanza, yeye anafuata."

Jicho akachuchumaa kama anafunga kamba ya kiatu. Kwenye gurudumu la mbele, pini iliingia vizuri, haichezi hata kidogo. Rangi ilikuwa imekwanguliwa, ila wekundu kidogo ulibaki ndani ya mikwaruzo ya namba. Gurudumu la pili vilevile.

"Limekaaje?" mama akauliza.

"Limekaa vizuri, Mama."

Iko-Sawa alifika giza halijaingia, kabeba mkate, dalili ya mtu mwenye kosa. Jicho alimvuta hadi chumba cha ndani.

"Zilikuwa zinang'aa," mume akaanza kabla hajaulizwa. "Nimeponda vibovu maisha yangu yote, mke wangu. Zile si mbovu. Zimepungua unene kwa kiasi kisichofika unywele. Unywele. Halafu mama yangu anakaa ndani kama kabati."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana sikukuomba."

"Na kumwambia kwamba nimeleta mimi?"

"Nilitaka akupende."

"Kwani alikuwa hanipendi?"

Iko-Sawa akaanza kuuangalia mlango kwa makini, kama fundi aliyeitwa kuutengeneza.

"Mama haruki angani," akasema baadaye. "Kiti kikivunjika anaangukia mkeka."

"Sisemi mama. Nasema hiyo pini. Ukiisugua rangi inafanana na nzima, hata mimi bila kipimio sitaitambua. Ikitoka mlangoni kwetu, itafika wapi?"

"Nani aichukue?"

"Sijui. Ndiyo maana tunaziponda, kwa sababu hatujui." Akainua vidole viwili. "Mbili nimeziona. Ya tatu?"

"Kopo la misumari, chini ya kitanda. Akiba."

Wakamwaga kopo. Misumari, kitasa kibovu, betri iliyokufa. Iko-Sawa akapitisha mkono chini ya kitanda mpaka begani, akatoka na vumbi.

"Mnatafuta kile cha kung'aa?" Sauti ya mama ilitoka chumba cha pili, kuta zile hazikuficha kitu. "Jana nilimwomba mtoto wa jirani anipe kopo, nataka msumari wa kutundikia kanga. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni, akakiona, akakipenda. Kanipa hela ya sabuni."

Mama alisukuma kiti mpaka mlangoni, kimya kimya, magurudumu hayakulia hata kidogo.

"Hivi ni vya wizi?"

"Si wizi, Mama," mwanawe akasema. "Vilikuwa vinakwenda kupondwa."

"Sijauliza vilikuwa vinakwenda wapi. Mkeo atafukuzwa kazi?"

Iko-Sawa alikuwa na neno lake la siku zote mdomoni. Halikutoka.

"Vitoeni," mama akasema.

"Kesho asubuhi, Mama, leo pumzika."

"Vitoeni sasa hivi. Nilazeni kwanza kitandani, siwezi kukalia kazi ya mtu." Walipokuwa wanamnyanyua, mmoja kwapani, mmoja magotini, akaongeza, "Ila hela ya sabuni msinidai. Nimeshafulia."

Mnunuzi wa vyuma alikuwa na uwanja uliozungushiwa mabati, mzani mlangoni, na marundo yake: masufuria huku, baiskeli kule, injini zilizopasuka katikati. Alfajiri walimkuta anapiga mswaki. Alipoambiwa pini, hakushangaa. Akaingia kibandani, akatoka na trei iliyofunikwa kitambaa.

"Vya kung'aa havilali na masufuria," akasema.

Akafunua. Vilikuwemo vyuma vidogo vya kila namna, safi, vimepangwa kama vijiko vya wageni. Pini za umbo lile zilikuwa kadhaa.

"Chenu ni hiki hapa," akasema. Akafikiri. "Au hiki. Vyote ndugu."

Jicho akazichukua zote, moja moja, akaziinua kwenye mwanga. Vichwa vilikuwa laini kama kikombe. "Namba ziko wapi?"

"Nimezisugua. Mteja wangu hapendi zenye namba."

"Mteja gani?"

"Kuna jamaa hupitia na begi. Anachukua vya kung'aa tu, anavitia kwenye vifuko vipya, vinapendeza kama vimetoka dukani. Anavipeleka wapi sijamuuliza. Na yeye hajaniuliza navitoa wapi. Ndiyo biashara."

Iko-Sawa, ambaye njia nzima alikuwa anapiga mluzi mdogo wa kujipa moyo, alikuwa ameacha.

"Nikitaka zote?" Jicho akauliza.

Mnunuzi akataja bei. Ilikuwa kodi ya nyumba na zaidi.

"Kwa mama yangu ulikichukua kwa hela ya sabuni," Iko-Sawa akasema.

"Kwa mama yako kilikuwa chuma, kaka. Leo mmekuja wawili, asubuhi hii, hamjanawa hata uso. Hiki si chuma tena, ni shida, na shida ina bei yake."

Jicho akatoa hela ya gesi, iliyokuwa imekunjwa ndani ya leso. Ilitosha pini moja. Mnunuzi akaihesabu, akairudia kuihesabu mbele yao, kisha akawachagulia yeye mwenyewe, kwa kidole, kama anachagua nyanya.

"Msalimieni mama," akasema.

Karakana ilikuwa bado tupu walipofika. Iko-Sawa aliwasha taa moja, akawasha presi, akaiacha inguruma. Jicho akaipima ile pini ya kununua. Ilikuwa imepungua kwa kiasi kisichofika unywele, sawasawa na zile mbili walizozitoa kwenye kiti.

"Umeona?" mume akasema. "Ndiyo yenyewe."

"Inafanana nayo."

"Sasa nisikilize. Weka hapo zote tatu. Naziponda, wewe umesimama unatazama. Zinaingia sandukuni, huyo mgeni wa mteja anahesabu, zinatimia, anakunywa chai, anaondoka. Na sahihi yako inakuwa ya kweli. Si ulisaini kwamba umeshuhudia? Leo unashuhudia. Imechelewa tu."

Hakuwa mjinga, Iko-Sawa. Hata Jicho aliliona hilo. Ikishapondwa, nani ataitafuta namba?

"Kwenye ile trei zilikuwepo nyingine," Jicho akasema.

"Si zetu."

"Unajuaje?"

"Mnunuzi kasema hii ndiyo yetu."

"Kasema hii, au hii."

"Mke wangu." Mkono wake ulikuwa juu ya mpini wa mashine. "Watu wa upande wako wanakula kwa hizi pini. Mimi nakula. Mama anakula. Huyo jamaa wa begi tutamkomesha sisi?"

Nje, pikipiki ya meneja ilizimwa, geti likaburuzwa. Jicho alizitia pini tatu kwenye mfuko wa aproni, akavuka mlango wa wavu, akaenda ofisini. Nyuma yake presi iliendelea kunguruma ikiponda hewa, mpaka mume alipoizima na kumfuata.

Mtu wa mteja, ambaye pale walimwita Mgeni tu, alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba. Chai aliikataa mpaka kazi iishe. Jicho alimwekea sanduku, halafu kando yake akapanga pini tatu.

"Hizi hazikupondwa," akasema. "Nilisaini kwamba nimeona. Sikuona."

Meneja akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Iko-Sawa, amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaeleza mwenyewe: kiti, mama, kopo, mkokoteni. Alieleza vizuri. Hakumtia mkewe humo hata mara moja.

Mgeni alisoma namba ya pini ya kwanza, akaiweka kushoto. Ya pili, kushoto. Ya tatu akaigeuza, akaigeuza tena, akaiacha katikati ya meza.

"Hii namba yake?"

"Imesuguliwa," Jicho akasema.

"Basi hii sijui ni nini."

"Ndiyo ya tatu, mzee," meneja akaingilia. "Zilipungua tatu, hapa ziko tatu. Hii hesabu ya chekechea."

Mgeni alimtazama Jicho, si meneja. "Mama, unaweza kuniambia kwa hakika kwamba hii ndiyo ile iliyotoka hapa? Kwamba si nyingine?"

Jicho aliiona trei na kitambaa chake. Akamwona mnunuzi anachagua kwa kidole.

"Siwezi."

"Basi ya tatu imepotea."

"Lakini iko hapo," Iko-Sawa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Iko mezani."

"Ingekuwa kitanda ningekubali," Mgeni akasema, na hakusema kwa dharau. "Kitanda ningekubali, na chai ningekunywa. Lakini hii nikiikubali, kesho sitakuwa na sababu ya kutafuta nyingine. Na ile nyingine huenda iko njiani sasa hivi, ndani ya kifuko kipya."

Akaandika. Pini moja iliyokataliwa imetoka nje, haijulikani ilipo. Wote wanaonunua pini za aina hiyo waambiwe wakague walizonazo. Meneja akasaini, Jicho akasaini, Iko-Sawa akasaini chini yao kwa herufi kubwa kubwa. Kile kipande kilikaa pale katikati muda wote, kinang'aa, wanakizungukia kwa kalamu kama sahani ya mtu ambaye hajafika.

Upande wa ndege ulifungwa mpaka uchunguzi uishe. Watu walirudishwa nyumbani bila kuambiwa ni lini waje. Iko-Sawa alifukuzwa siku ileile. Jicho hakufukuzwa, alihamishiwa upande wa pili wa wavu, akague magodoro kama yameshonwa pembe zote.

Meneja alimsindikiza mpaka mlangoni. "Ungeziponda asubuhi ukanyamaza," akasema kwa upole kabisa, "mimi ningekuwa na kiwanda, na wewe ungekuwa na mume mwenye kazi."

"Najua," Jicho akasema.

Mgeni alituma watu kwa mnunuzi wa vyuma. Walikuta masufuria, baiskeli na injini. Trei hawakuiona, na mnunuzi akaapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kununua kitu cha kung'aa. Wakati wa chai, kwenye lile birika moja, maongezi yalikuwa yanakatika Jicho akisogea, yanaendelea akiondoka. Mkerezaji mmoja wa upande wa ndege alikutana naye njiani, akampita, akamwamkia mtu aliyekuwa nyuma yake.

Nyumbani, Iko-Sawa alikaa kizingitini na tupa, akasugua vipande vya kitanda kibovu mpaka vikawa pini mbili. Ziliingia kwenye magurudumu kwa kupigwa nyundo. Kiti kikawa kinakwenda, lakini kinalia kila mzunguko, na ukikisukuma upande wa kulia bado kinataka ukuta kidogo.

Mama alikwenda nacho bombani. Alifika, ingawa kwa kupumzika pumzika.

"Bibi, ndege imekuwaje tena?" jirani mwenye mdomo akamuuliza mbele za watu.

"Imetua," mama akasema. "Matengenezo."

Jioni, Jicho alipokuwa anamkunja miguu alale, mama alimshika mkono akauangalia, kama mtu anayetafuta mwiba. "Zile pini zako zilikuwa laini zaidi," akasema. Kisha akaanza kusali, na Jicho, akiwa bado ameinama pale, alisikia jina lake likitajwa kwanza, mbele ya la mwanawe. Iko-Sawa naye alisikia, chumba cha pili. Hakusema iko sawa.

Sasa nakugeukia wewe uliyesoma mpaka hapa. Ni asubuhi, karakana tupu, taa moja, presi inanguruma. Mumeo ameshika mpini anakusubiri, mama mkwe amelala bila kiti, na kipande kisicho na namba kiko kiganjani mwako. Geti linaburuzwa. Wewe ungekiweka wapi?